Kwa Mujibu wa Nani?

Juu ya lango la Fort Jesus mjini Mombasa kuna jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno. Wageni wengi hulipita bila kuinua macho. Aliyeliweka ni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa kapteni wa ngome hiyo mwaka 1635 akiwa kijana wa miaka 27, na jiwe lenyewe lina tarehe ya 1639. Maneno yake ni ripoti ya kazi. Anasema ameijenga ngome upya, ameirudisha pwani ya Malindi chini ya mfalme wake, ameziadhibu Pate na Siyu hadi kuta za miji hiyo zikalala chini, ameitia adabu Pemba, amewaua vigogo wa uasi. Anawataja pia wafalme wanne aliowalipisha kodi, na mmoja wao ni wa mahali alipopaandika "Jaca".

Wanahistoria huisoma Jaca kuwa Shaka, mji wa kale wa upande wa Kipini, ambao masimulizi ya Waswahili yanasema ndiko kwao shujaa Fumo Liyongo. Huko ndiko Mto Tana unakoishia. Mtu akiondoka Idsowe, karibu na Garsen, akaufuata mto kuelekea baharini, atafika nchi hiyo. Jiwe la Mombasa basi linawasema watu wa delta ya Tana, na limewasema kwa karibu miaka mia nne kwa lugha wasiyoijua.

Kinachofaa kuchunguzwa katika jiwe hilo ni namna linavyojitetea. Kila adhabu imepewa sababu: nchi ilikuwa imeasi, imemfuata mfalme dhalimu. Dhalimu anayekusudiwa ni Yusuf bin Hasan wa Mombasa. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, makao ya utawala wa Wareno huko India, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala Mombasa, na Agosti 1631 akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuitwaa ngome. Jiwe halina nafasi ya habari za baba. Neno moja tu, dhalimu, limefanywa litoshe. Kisha, mwishoni, yanaorodheshwa malipo ya kapteni: cheo katika nyumba ya mfalme, nishani, posho, na vyeo vya utawala katika nchi za mbali. Hapo ndipo msomaji anapotambua jiwe liliandikiwa nani. Sababu zake zilikuwa zikitazama Goa na Lisbon. Shaka zilikuwa zimeipa mgongo.

Jambo hilo, la sababu kuwa na uso na uso huo kuelekea upande fulani, ndilo linaloshughulikiwa na safu hii. Kila uamuzi rasmi huja na maneno ya kuuhalalisha. Maneno hayo husomwa kwa makini na wakubwa, wakaguzi na mawakili. Anayeubeba uamuzi wenyewe, mwenye shamba la mpunga au mwenye ng'ombe mia mbili, mara nyingi huyasikia kama sauti ya ngoma ya kijiji cha pili: anajua kuna jambo, hajui ni jambo gani.

Kireno cha ofisini kina hazina kubwa ya maneno ya namna hiyo. Kuna "tendo em vista", linalosimama mahali pa "kwa kuzingatia". Kuna "visto que", ambalo ni "kwa kuwa". Kuna "por conseguinte", yaani "hivyo basi". Na kuna mfalme wa yote, "nos termos da lei", ambalo kila mwenye kupokea barua za serikali katika Afrika Mashariki atalitambua mara moja: "kwa mujibu wa sheria". Wanafunzi wa Maputo na Pemba ya Msumbiji hufundishwa kuyapanga maneno hayo vizuri ili insha na barua zao zionekane za msomi, na si kosa, kwa sababu lugha rasmi ni chombo kama jembe. Swali ni anayelimiwa ni nani.

Ajabu ya pwani yetu ni kwamba Wareno walikaa karibu miaka mia mbili, wakaacha vitu, lakini hawakuacha hata kiungo kimoja cha hoja. Walituachia meza, leso, bendera, karata, kopo, mvinyo, kasha, foronya na parafujo. Walituachia padri. Walituachia gereza, neno ambalo kwa asili ni "igreja", kanisa, likahama kutoka kanisa la ndani ya ngome likawa jina la ngome, kisha jina la jela. Na Fort Jesus yenyewe Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ukizitafuta katika orodha hiyo "kwa sababu" za Kireno, huzioni. Watu wa pwani walichukua kwa Mreno alichokuwa nacho mkononi. Namna ya kujieleza hawakuichukua kwake, pengine kwa kuwa hakukaa nao kitako wakaelezana.

Viungo vya hoja vya Kiswahili vilikuja kwa njia nyingine, kwa Waarabu waliosuluhishana, kuandikiana mikataba, kuoana na kurithiana na watu wa hapa. Lakini, ila, wala, bila, hasa, labda, maadamu, ilhali, kwa minajili ya: vyote hivyo vina asili ya Kiarabu. Na viwili kati ya vilivyo vikubwa vinafaa kufunguliwa kama mtu afunguavyo fundo.

Neno la kwanza ni sababu. Katika Kiarabu "sabab" ilikuwa kwanza kamba, kitu cha kufungia au kushukia, kisha ikawa njia ya kufikia jambo, kisha ikawa chanzo cha jambo. Mtu asemaye "kwa sababu" anatoa kamba yenye ncha mbili: moja imefungwa kwenye uamuzi, nyingine kwenye jambo la kweli ambalo msikilizaji anaweza kulivuta aone kama limeshika. La pili ni mujibu. Hili limetoka kwenye mzizi ule ule uliotupa wajibu. Mujibu ni kile kinachomlazimisha mtu. Afisa akisema "kwa mujibu wa" ameacha kamba, ameshika amri. Hasemi tena ni kwa nini jambo linafanywa. Anasema ni nani au ni nini kinachomwambia alifanye.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na ndiyo inayowachanganya watu barazani.

Idsowe iko katika uwanda wa mafuriko wa Tana, katika nchi ya Wapokomo wa Chini, wakulima wa mpunga, ndizi na maembe. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao mtoni wakati wa kiangazi kupitia malka, zile njia za kushukia maji ambazo kila upande unazijua kwa jina. Wapokomo wana gasa, baraza lao la wazee; Waorma wana matadeda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, pamoja na serikali. Kwa hiyo neno lolote la kuhalalisha uamuzi deltani husafiri safari ndefu: linaandikwa kwa Kiingereza Nairobi au Hola, linageuzwa Kiswahili Garsen, linasomwa na chifu chini ya mwembe, na nyuma kabisa kuna mjukuu anayemnong'onezea bibi yake kwa Kipokomo.

Tulitazame tangazo la aina inayojulikana kote huko, kipande kwa kipande. "Kwa mujibu wa sheria, na kwa maslahi ya umma, imeamuliwa kwamba eneo lililotajwa litatengwa kwa ajili ya mradi." Sentensi haina kosa la sarufi. Mwalimu angeipa alama zote. Lakini mjukuu aanze kuitafsiri. Sheria ipi, ya mwaka gani, kifungu kipi? Hakuna. Umma upi: wa Idsowe, wa Garsen, wa Kenya nzima? Hakuna. Imeamuliwa na nani? Kitenzi kimewekwa katika hali ya kutendwa, na mtendaji ametoweka ndani yake. Bibi anauliza swali moja tu, "Nani amesema?", na mjukuu hana la kumjibu, kwa sababu tangazo lenyewe halijui.

Kauli ya kutendwa ni uzuri wa Kiswahili, hakuna anayeikataa. "Imeamuliwa", "imeonekana", "imebainika" ni maneno yanayofaa pale mtendaji hajulikani au hana umuhimu. Katika uamuzi wa ardhi mtendaji ndiye wa kwanza kuhitajika. Asipotajwa, hakuna wa kukatiwa rufaa, hakuna wa kuandikiwa barua, hakuna hata wa kushukuriwa jambo likienda vizuri.

Neno jingine la kuangaliwa kwa jicho kali ni "kutokana na". Delta ilipofunikwa na maji mwaka 2018, na tena kuanzia mwisho wa 2023 kuingia 2024, matangazo yalisema watu wahamie nyanda za juu kutokana na mvua kubwa. Mvua ilikuwa kubwa, jambo hilo halina ubishi. Ila Tana haishuki Garsen bila kupita kwenye mabwawa: Masinga, lililokamilika mwaka 1981, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Wanaoyaendesha mabwawa hayo hueleza kwamba Masinga likishajaa maji humwagika yenyewe, na huenda ndivyo. Hata hivyo aliyepoteza mpunga wake anahitaji kujua maji yalifika kiasi gani, siku gani, na onyo lilitumwa lini. "Kutokana na mvua" linayafunga maswali yote hayo kwa kuyakabidhi mbingu. Sababu ya kweli inaweza kuwa na mvua ndani yake na bado ikabaki na saa, tarehe na namba ya simu.

Si kwamba delta imekosa maneno. Imeyapata mengi mno. Mwaka 1506 au 1507, meli za Tristão da Cunha zilifika mji ambao Wareno waliuita Oja au Hoja, na ambao wengi huuhusisha na magofu ya Ungwana, karibu na Kipini. Maandishi ya Kireno yanasema shehe wa mji alikataa kuwatii, akieleza kwamba yeye yuko chini ya mtawala wa Misri. Jibu hilo likaandikwa kuwa sababu ya kuuteka mji na kuuchoma. Mwenye kusoma aangalie vizuri: shehe alitoa hoja, tena hoja ya kisheria, ya utii wa zamani uliomfunga. Hoja yake ikageuzwa kosa. Na nyuma ya yote kulikuwa na ugomvi wa mfalme wa Malindi, rafiki wa Wareno, na majirani zake, ugomvi ambao katika maandishi ya kuhalalisha huwa mdogo kuliko ulivyokuwa baharini.

Baadaye zikaja karatasi za Kijerumani. Mwaka 1885 ndugu Denhardt walipata ardhi kwa mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, jirani na delta, na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake. Mwaka 1890, kwa mkataba mwingine uliotiwa saini Ulaya, eneo hilo likawa la Waingereza. Kila karatasi ilikuwa na utangulizi mzuri wa sababu.

Kenya ilipojitawala, lugha ya kuhalalisha ikawa ni maendeleo. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, TARDA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1974, ikaanzisha mashamba ya mpunga ya umwagiliaji deltani, na katika miaka ya 1990 ikapewa hati miliki ya hekta zaidi ya 28,000. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaharibu tuta na mifereji. Watu wakarudi kulima na kulisha kama zamani, ila sasa juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Mwaka 2008 mpango wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias wa kupanda miwa kwenye takriban hekta 20,000 ulipata kibali cha mazingira. Wakazi na watetezi wa mazingira wakaenda Mahakama Kuu Malindi, mradi ukasimamishwa kwa muda, na mwaka 2009 kesi ikatupwa kwa kasoro za utaratibu.

Kasoro za utaratibu: hapo napo patazamwe kwa karibu. Ni sababu halali kabisa mahakamani, na wakili yeyote anaielewa. Mfugaji aliyekwenda kuuliza kama ng'ombe wake watapata malka ya kushukia mwaka ujao hawezi kuielewa, kwani swali lake halikujibiwa ndiyo wala la. Alijibiwa kuhusu karatasi. Uso wa sababu ulikuwa umegeukia upande mwingine.

Miaka minne baadaye mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Wakazi wa delta walikuwa wamefungua kesi mwaka 2010 wakilalamika kwamba ardhi na maji vinagawanywa kwa wawekezaji bila mpango wowote wa matumizi, na Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mpango uandaliwe, na wenyeji washirikishwe kuuandaa. Wakati huo majeraha yalikuwa mabichi. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013 zaidi ya watu mia moja walikuwa wameuawa katika mapigano deltani, Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao, vijiji vya Wapokomo na vya Waorma kwa pamoja. Mwaka huo huo wa 2012 delta iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, hekta 163,600. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Delta ya Tana ulizinduliwa 2015.

Thamani ya mpango huo, kwa mtazamo wa lugha, haimo katika ramani zake tu. Uliandaliwa kwa mikutano ya vijijini, ambako wakulima, wafugaji na wavuvi walilazimika kuelezana kwa nini. Mfugaji anapomwambia mkulima "kwa sababu kisima chetu hukauka mwezi wa pili", ametoa kamba ambayo mwenzake anaweza kuivuta: aende akakione kisima. Mkulima anapojibu "kwa kuwa mpunga wetu huwa haujavunwa mwezi huo", naye ametoa yake. Ugomvi haujaisha hapo, lakini umepata mahali pa kushikika. Hakuna aliyesema kwa mujibu wa chochote.

Kusini, ng'ambo ya Ruvuma, Kireno chenyewe bado kinafanya kazi ya kuhalalisha maamuzi, na kwa watu walio karibu sana na Waswahili. Katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, wako Wamwani, ambao Kimwani chao kimezaliwa tumbo moja na Kiswahili, na upande wa Palma wako Wamakwe na wengine wengi wanaokijua Kiswahili kwa biashara na uvuvi. Katiba ya Msumbiji inakifanya Kireno kuwa lugha rasmi, wakati sensa ya 2017 ilionyesha kwamba wanaokitumia kama lugha ya kwanza hawafiki moja ya tano ya wananchi. Sheria ya ardhi ya 1997 ni nzuri kuliko nyingi barani: ardhi ni ya dola, lakini aliyeikalia kwa mila ana haki ya kuitumia, iitwayo kwa kifupi DUAT, hata bila karatasi, na jamii lazima ishauriwe kabla mwekezaji hajapewa.

Kisha ikapatikana gesi. Mwaka 2012 kampuni iliyoundwa kwa ajili ya mradi wa gesi ilipewa DUAT ya hekta zipatazo 7,000 katika rasi ya Afungi, ambako kijiji cha Quitupo kilikuwa na mashamba, minazi na makaburi yake. Mikutano rasmi ya kuzungumzia kuhamishwa ilianza kufanyika mwaka uliofuata. Mpangilio huo wa tarehe unasema mambo ambayo "nos termos da lei" haiwezi kuyafuta. Ushauri unaokuja baada ya hati unakuwa tangazo, hata ukiendeshwa kwa upole na wakalimani. Wanakijiji walikuwa na jambo la kuambiwa. La kuamua halikuwapo tena. Baadaye walijengewa makazi mapya Quitunda, nyumba za matofali zenye umeme, mbali na pwani waliyoizoea.

Kwa hiyo lugha ngeni peke yake si mkosaji. Tanzania imekwenda mbali zaidi ya wote: mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, muda mfupi baada ya Jaji Zephrine Galeba kuandika hukumu kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu Musoma. Hatua hiyo inastahili sifa isiyo na masharti, maana mtu aliyeshindwa kesi sasa anaweza kuisoma sababu ya kushindwa kwake akiwa nyumbani. Pamoja na hayo, "kwa mujibu wa" la Kiswahili linaweza kumfungia mtu mlango sawasawa na la Kireno. Sentensi ya tangazo lililopita hapo juu ilikuwa Kiswahili kitupu.

Kenya haijafika huko mahakamani. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini Mahakama Kuu bado huendeshwa kwa Kiingereza. Hata hivyo katiba hiyo hiyo ina ibara ambayo, kwa mtu wa Idsowe, ina uzito kuliko hotuba nyingi za kusifu lugha. Ni ya 47. Inasema kila mtu anastahili hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali na ya haki, na kwamba aliyeathiriwa, au anayeelekea kuathiriwa vibaya katika haki zake, apewe sababu kwa maandishi. Sababu, lile neno la kamba. Haikusema apewe mujibu.

Sheria ya mwaka 2015 ya hatua za haki za kiutawala ikaongeza meno. Aliyeathiriwa anaweza kuomba sababu, na afisa ana miezi mitatu ya kuzitoa kwa maandishi. Asipozitoa, mahakama itachukulia, mpaka kuwe na ushahidi wa kinyume, kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu ya maana. Watu wengi deltani, na maafisa wengi pia, hawajawahi kukikunjua kifungu hicho. Kinageuza mzigo mzima: kunyamaza kwa ofisi, ambako siku zote kumemwumiza mwananchi, kunaanza kuiumiza ofisi.

Majirani wa Lamu wameona meno ya katiba yakiuma. Aprili 2018 majaji watano waliamua kwamba bandari ya Lamu ilijengwa bila wavuvi kupewa habari na nafasi ya kutosha ya kushiriki, wakaagiza walipwe shilingi bilioni 1.76. Bandari ilikuwa imehalalishwa kwa maneno mazito kuliko yoyote yaliyowahi kusomwa Garsen, ya taifa, ya kanda, ya bara zima. Mahakama iliuliza jambo dogo zaidi: mvuvi aliambiwa nini, na kwa namna gani, kabla?

Kuna wanaosema kwamba kudai sababu kwa kila uamuzi kutaichosha serikali, kwamba karani wa Garsen hana muda wa kumweleza kila mtu. Hoja hiyo ina ukweli wake na haifai kudharauliwa. Ofisi za kule zina watumishi wachache na nchi ni pana, barabara zikikatika wakati wa mvua. Lakini muda huo hulipwa tu, kama si mwanzoni basi mwishoni. Mradi wa miwa ulivutwa mahakamani na mwishowe haukutekelezwa. Kesi ya 2010 ilichukua miaka mitatu. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeshaweka kwamba jamii iliyosajiliwa haiwezi kuiuza au kuitoa ardhi yake bila theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa kukubali. Theluthi mbili ya watu hawakubali jambo wasilolielewa, na wakilikubali bila kulielewa, watakaokuja kulikataa ni watoto wao.

Tangazo lile lile lingeweza kuandikwa hivi: "Sisi, ofisi fulani, tumeamua tarehe fulani kutenga ekari kadhaa kati ya mto na barabara kwa mradi wa maji. Sababu ni kwamba tulivipima visima vitatu vya eneo hili tukaviona vina chumvi. Wenye mashamba humo ni kumi na wanane. Tutawalipa kwa utaratibu huu. Asiyekubali aje ofisini au aandike kabla ya tarehe hii." Limekuwa refu kwa mistari michache. Kila sentensi ina mtu, na kila sababu ina mahali pa kwenda kuitazama. Chifu hatapoteza heshima kwa kulisoma, na mjukuu atalitafsiri bila kusita.

Mpaka matangazo ya namna hiyo yatakapoanza kuja, barua inaweza kutoka upande wa pili. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Jamhuri. Maswali manne yanatosha: nani aliamua, lini, kwa sababu gani, na kwa kutegemea karatasi zipi. Itajwe ibara ya 47 na sheria ya 2015 kwa jina. Ipelekwe Garsen kwa mkono, na nakala irudi Idsowe ikiwa na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka, kwa kuwa miezi mitatu inahesabiwa kuanzia hapo.